Jogoo wa Dereva Atakayeshuka

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye hajui ilianzia wapi. Kama mama yako yu hai, isome mpaka chini. Kama unaendesha, paki kwanza, usije ukaniponza bure.

Kulikuwa na dereva wa malori aitwaye Yona Kitundu, mzaliwa wa Singida. Kampuni yake ilikuwa inapeleka mizigo Rwanda kutoka Dar es Salaam, na barabara hiyo ilipita mbele ya nyumba ya mama yake. Sisemi mbele ya kijiji, nasema mbele ya nyumba. Ukipita unaona mpaka kinachochemka jikoni.

Yona alikuwa anaendesha lori la kijani, kuukuu, ambalo wenzake walilibatiza Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo wake mlimani. Lakini honi yake, we! Ilikuwa inasikika kabla lori halijatokeza konani. Yona akikaribia nyumbani anaivuta, na mama yake anatoka mbio na mwiko mkononi, anasimama kando ya lami.

"Shuka ule, mwanangu!"

"Safari ijayo, mama!"

Na lori limeshapita.

Usimlaumu haraka. Kampuni ilikuwa kali. Kila lori lilikuwa na kifaa kinachoonyesha ofisini lilipo, na likisimama mahali pasipopangwa, simu ya dereva inalia kabla hajafungua mlango. Sababu iliyokubalika ilikuwa moja tu: gari kuharibika, lako au la mwenzako. Hapo hata bosi hakuwa na neno, maana madereva wana desturi yao. Ukiona matawi yametandazwa barabarani na gari la mwenzako limekufa, unasimama. Ukimpita, husalimiwi tena na mtu.

Kwa hiyo Yona alikuwa anapita. Kwenda na kurudi. Anamwona mama kwenye kioo cha pembeni, mkono bado uko juu, anazidi kuwa mdogo mpaka haonekani. Roho inamuuma. Alitamani vitu vidogo tu: akalie kile kigoda cha nyumbani, ale ugali wa mtama na mlenda, asimuliwe nani kaoa na nani kafa.

Mama naye alikuwa na jogoo mwekundu. Mtu akitaka kumnunua anaambiwa, "Huyo ana mwenyewe. Huyo ni wa dereva." Jogoo akazeeka, mpaka majirani wakaanza utani: "Mama Yona, huyo sasa mtafutie mkongojo." Mama alikuwa anacheka nao. Akishaingia ndani hacheki.

Siku moja kampuni ikaleta malori mapya, yote meupe. Yona alikuwa dereva wa siku nyingi, akapewa moja. Bibi Harusi akakabidhiwa dereva mgeni, Mtanga mmoja aitwaye Twalibu.

Yona akapiga simu nyumbani kwa furaha. "Mama, nimebadilishiwa gari! Sasa naendesha jeupe."

Mama akasema, "Meupe yanapita mengi, mwanangu. Nitakujuaje?"

Na kweli. Honi ya gari jipya ilikuwa sawa na za malori yote. Yona anapiga, anapunguza mwendo kadiri anavyothubutu, anaona uwanja mtupu. Mama akija kutoka, anakuta mgongo wa tela unaishia kwenye kona. Ikawa hivyo safari baada ya safari. Yona akaanza kulililia lori lile lile alilokuwa akilitukana kila mlima.

Basi mchana mmoja, akiwa anarudi kutoka Rwanda, akaona matawi mabichi barabarani. Mbele yake lori la kijani, kabini imelazwa mbele injini iko wazi, oili imetapakaa chini. Bibi Harusi kafa. Na kafia wapi? Mlangoni kwa mama yake!

Yona akasimama. Akashuka.

Akamkuta Twalibu amekalia kile kigoda, bakuli mbele yake, anafyonza mfupa. Mama yuko pembeni anamwongezea mchuzi.

"Kaka Yona, karibu!" Twalibu akasema. "Gia boksi imekwisha kabisa. Ofisini wanasema nyingine itatoka Dar."

Yona hakuwa na habari na gia boksi. Alikuwa anatazama bakuli. Kisha akatazama uwanjani, akaona manyoya mekundu.

"Mama, huyo si jogoo wangu?"

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama mwanawe vizuri, kutoka juu mpaka chini.

"Alikuwa wa dereva atakayeshuka," akasema. "Huyu ameshuka."

Twalibu akaacha kutafuna. Masikini, mnofu uko mdomoni na hajui aumeze au autoe.

"Mama, si nilikwambia siruhusiwi kusimama? Ni mpaka gari liharibike."

"Uliniambia. Ndiyo maana nilikuwa naomba."

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Liharibike." Mama alisema bila kuona haya. "Kila nikisikia ile honi naomba: Mungu wangu, lile la kijani liharibike, liharibike hapa hapa mlangoni kwangu, lisiende mbele wala nyuma. Sikukuombea ajali, usinitazame hivyo! Nimeomba lizimike tu taratibu. Sasa naye kasikia." Akaonyesha lori kwa mwiko. "Kosa ni langu. Nilisahau kumwambia kuwa wamekubadilishia."

Twalibu alicheka mpaka akapaliwa. Yona hakucheka. Alikaa chini pale pale na nguo zake za kazi, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Alipotulia, akapiga simu ofisini. Akaomba abaki yeye na gari bovu mpaka gia boksi ifike, Twalibu apeleke jeupe Dar. Akaeleza na sababu, maneno yanamkatika.

"Mama yako anakaa hapo barabarani?" bosi akauliza. "Miaka yote hii? Mbona hukuwahi kusema? Ungeomba tu, Yona, ningekupangia upumzike hapo badala ya mjini."

Na kweli, Yona hakuwahi kuomba. Alidhani atakataliwa, akajikatalia mwenyewe.

Wakabadilishana funguo. Twalibu akaondoka na gari jipya. Yona akakalia kigoda, akala ugali wa mtama na mlenda, na mchuzi uliobaki wa jogoo wake mwenyewe, nyama ngumu kama tairi. Akasimuliwa nani kaoa na nani kafa. Waliokufa walikuwa wengi kuliko alivyotegemea, na wengine walikuwa wakimpungia mkono pale pale barabarani.

Jioni alimsikia mama chumbani, ananong'ona.

"Mama, unaomba nini tena?"

"Hiyo gia boksi," mama akajibu. "Ichelewe."

Funzo: Anayekungoja hashibi kwa honi. Usimpungie mkono kila siku ukimwahidi safari ijayo; omba ruhusa, simama, shuka ule naye wakati jogoo bado ni wako.