Kinanda cha Abdiel

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Anayekiweka chungu juu ya jiwe moja asiulaumu moto chakula kikimwagika. Aika aliisikia methali hiyo tangu akiwa mtoto wa jikoni kwa mama yake huko Machame, lakini mwaka ule alijaribu kuinjika chungu chake peke yake.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Ukungu ulishuka kutoka Mlima Meru ukajilaza juu ya migomba ya Sekei kama shuka jeupe, na watu waliopita barabarani asubuhi walionekana nusunusu, kana kwamba bado wamo ndotoni. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita tangu Abdiel, mume wake, azikwe. Jumapili iliyokuwa inakuja usharika ungefanya ibada ya shukrani kwa ajili yake, na Aika alitamani jambo moja tu: kinanda cha kanisani alichokipiga mumewe kilie siku hiyo.

Kilikuwa kinanda cha pedali, cha zamani, kisichojua umeme. Mpigaji alikanyaga, mifuko ikavuta hewa, na hewa ikatetemesha vipande vyembamba vya shaba walivyoviita ndimi. Kila noti ilikuwa na ndimi mbili zilizopaswa kutetemeka sawasawa. Abdiel alizirekebisha kwa tupa ndogo: akikwangua nchani, sauti ilipanda, akikwangua shinani, ilishuka. Kazi ya Aika ilikuwa kukanyaga pedali wakati mumewe ameinama nyuma ya kinanda, kichwa kikiwa ndani kama mtu anayetafuta kuku chini ya kitanda. Saa nzima walizungumza hivyo bila kuonana, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mazito. Unyevu uliingia, shaba ikaota kutu ya kijani, na kinanda kikaanza kunguruma. Hedwiga, dada yake Abdiel, alisimama kwenye kikao cha kwaya akasema bila kumung'unya maneno, "Kile kinalia kama ng'ombe aliyemeza mfuko wa plastiki. Tutumie cha umeme." Mzee Lemburis, mzee wa kanisa, akakata shauri: kama kinanda hakitakuwa kimepona kufikia ibada ya shukrani, kitapelekwa stoo. Na kitu kikishaingia stoo ya kanisa, wanaokikumbuka ni panya tu.

"Nitakitengeneza mwenyewe," Aika alisema.

"Na nani, wifi?"

"Sijaomba mtu."

Alizichomoa ndimi zilizoharibika, akazifunga kwenye kipande cha kitenge, akazipeleka nyumbani. Kila jioni alikaa kando ya jiko la mkaa akizipuliza kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Simu iliyokuwa mapajani ilimwonyesha mitetemo. Noti ya A ilitakiwa kutetemeka mara mia nne na arobaini kwa sekunde. Alikwangua, akapuliza, akakwangua tena, mpaka namba ikatulia. Mara nyingine alifumba macho akapuliza bila kuitazama simu. Sauti ile nyembamba ilitanda chumbani kama moshi wa ubani, na Aika alihisi kwamba Abdiel yuko upande wa pili wa ukuta, ameinama, anasubiri aambiwe kama imekaa sawa. Hakutaka mtu mwingine aingie mahali pale.

Jumamosi alizirudisha ndimi ndani ya kinanda. Akakanyaga, akabonyeza A. Kinanda kikajibu wu-wu-wu-wu, sauti mbili zikigombana kama wake wenza.

Hapo ndipo alipotambua kosa lake. Pumzi ya mdomo si upepo wa mifuko, na shaba iliyopimwa kando ya jiko huimba vingine katika baridi ya kanisa. Ndimi zilipaswa kupimwa humohumo ndani, hewa ikipita. Lakini akikaa kwenye pedali, nyuma hakufikiki. Akienda nyuma, mifuko iliishiwa hewa na sauti ikafa. Alienda mbele, akarudi nyuma, mpaka akachoka, akaketi sakafuni.

Hedwiga aliingia na ufagio. Ilikuwa zamu yake ya usafi.

"Wifi, unacheza kombolela na kinanda?"

Aika aliitazama tupa iliyokuwa mkononi.

"Nimekuuliza."

"Kimenishinda." Neno hilo lilimtoka kama mwiba unaochomolewa. "Haya, furahi. Ng'ombe wako kesho anakwenda stoo."

Hedwiga aliuegemeza ufagio ukutani. "Ng'ombe ningemvumilia," alisema taratibu. "Kikilia kile namsikia kaka. Mwaka mzima kwenye kwaya nafumbua mdomo tu, sauti haitoki. Ulidhani msiba ni wako peke yako?"

Aika alimtazama kana kwamba ukungu umemwondokea usoni. Kisha akakionyesha kiti cha mbele, kile ambacho hakuwahi kumpisha mtu.

"Vua viatu. Bonyeza A, kanyaga polepole, usikimbie kama unafukuza mbuzi shambani."

"Nilikikanyaga hiki kabla wewe hujaolewa," Hedwiga alimjibu, akavua viatu.

Aika alikwenda nyuma, akainama mahali pa Abdiel. Hewa ikapita. Wu-wu-wu-wu. Akauchomoa ulimi mmoja, akaugusa kwa tupa, akausubiri upoe joto la vidole, akaurudisha. Wu, wu, wu. Akakwangua tena, kidogo kama mtu anayefuta vumbi. Wuu… wuu… Mawimbi yalizidi kurefuka, kila moja likichelewa kuliko lililotangulia, mpaka likaja moja ambalo halikwisha. Sauti mbili zikawa moja, imenyooka, imetulia kama maji ya bwawani. Aika hakusogea. Kwa muda hakujua kama aliyeko mbele ni Hedwiga, au ni yeye mwenyewe wa miaka ile.

"Imekaa?" Hedwiga aliuliza kutoka mbele.

"Imekaa, wifi. Nipe noti inayofuata."

Walifanya kazi hadi jua likapenya ukungu na kuwaka madirishani.

Jumapili Hedwiga ndiye aliyepiga, maana alifundishwa na kaka yake tangu wakiwa wadogo. Ubeti wa kwanza alipiga tu. Ubeti wa pili akaimba, sauti ikitetemeka mwanzoni, kisha ikashika njia. Aika aliketi miongoni mwa watu, mikono imelala mapajani, akalia bila kujificha. Mzee Lemburis alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akakifunika kinanda cha umeme kwa kitambaa.

Nje, akina mama walimzunguka Aika wakamuuliza amewezaje kazi ile peke yake.

"Sikuiweza," aliwajibu. "Mwulizeni wifi yangu. Figa moja haliinjiki chungu."