Shimo Nyuma ya Jiko

Kiwanda cha mikate cha Kokushubira kilipofilisika, aliikabidhi nyumba yake kwa Rwechungura, tajiri aliyekuwa akimdai, akahamia kwa dada yake. Rwechungura akaweka wapangaji haraka, lakini jina kwenye hati hakulibadilisha. Manispaa ikaendelea kumdai Kokushubira kodi ya ardhi.

"Bosi, nyumba umeshachukua. Kodi lipa wewe," alisema Kokushubira.

"Hati ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi lipa, mwenye mali!" Rwechungura akacheka mpaka akakohoa.

Jumatatu wapangaji walimpigia simu, akaja mbio. Alimkuta Kokushubira nyuma ya jiko, kajifunga kanga kiunoni, anachimba shimo refu la kumtosha mtu.

"Unafanya nini wewe?"

"Natayarisha pa kumzika bibi yangu. Kwetu mtu huzikwa kwenye ardhi ya ukoo, na hii ulisema ni yangu."

Rwechungura alikuwa na mnunuzi tayari, na nani angenunua nyumba yenye kaburi uani?

"Weka jembe chini! Nabadilisha hati!"

"Na kodi ya nyuma?"

"Nalipa yote!"

Hati mpya ilipotoka, Rwechungura alimpelekea nakala, pamoja na pole za msiba. Mlangoni alimkuta ajuza akimenya ndizi huku akiimba.

"Poleni sana. Marehemu mmemzika wapi?"

"Marehemu gani?" alijibu Kokushubira. "Mimi nilikuwa natayarisha tu. Bibi, hebu msalimie mwenye mali."