Bi Pimbi na Matope ya Kiboko

Paukwa?
Pakawa!
Mna masikio?
Tunayo, mawili mawili!
Mna mikia?
Hatuna!
Basi sogeeni, hadithi hii ni yenu.

Hapo kale palikuwa na dimbwi la matope ya moto chini ya jabali. Matope yale yalichemka yenyewe, bwaku, bwaku, bwaku. Mwenye kidonda akijipaka, kidonda kinafunga. Mwenye goti bovu akilala ndani, anatoka anacheza. Nani aliyatengeneza matope yale? Hakuna. Yalitoka ardhini kama umande utokavyo mbinguni.

Lakini Kiboko alikuja akakaa katikati, pwaaa, akajaa dimbwi zima. Akasema, "Yangu haya. Anayetaka kupona alete kikapu cha matango."

Sasa niambieni, mgonjwa atachuma matango kwa nguvu zipi? Mzima angeweza kuleta kikapu, na mzima hana haja ya matope. Ndivyo ilivyokuwa, wakapona wachache tu waliochumiwa na jamaa zao wenye mashamba, na Kiboko alinenepa mpaka akasahau miguu yake ilivyo.

Basi kwenye jabali lile aliishi Bi Pimbi na mumewe. Pimbi mnamjua, kale kanyama ka mawe kanakofanana na panya aliyeshiba, kasiko na mkia hata wa dawa. Mumewe alichomwa na mwiba mguuni. Kidonda kikavimba, kikaanza kunuka, kikaanza kupanda. Kikifika kwenye paja, Bwana Pimbi hana maisha. Bi Pimbi alimpenda mume wake, nasema wazi, alimpenda kuliko jua la asubuhi juu ya jiwe, na pimbi anavyopenda jua mnajua.

Matango ya kujaza kikapu hakuwa nayo, basi akaenda barazani kulalamika.

Wanyama wa huko walikuwa na vyama viwili. Kulikuwa na Chama cha Mikia Juu, mkubwa wao Ngiri, ambaye akikimbia mkia wake husimama wima, twii. Kulikuwa na Chama cha Mikia Chini, mkubwa wao Fisi, ambaye mkia wake hulala katikati ya miguu, pwee. Neno likiletwa, anayekubali anapunga mkia, na Kanga, karani wa baraza, anahesabu.

Ngiri akasimama. "Ndugu zangu, matope yawe ya wote. Kila mwenye afya alete tango moja wakati wa mavuno, na akiugua aingie bila kuulizwa."

Mikia Juu wakapunga, twii, twii. Mikia Chini wakakaa kimya. Neno likaanguka.

Kikao kilichofuata Fisi akasimama. "Ndugu zangu, matope yawe ya wote. Kila mwenye afya alete tango moja wakati wa mavuno, na akiugua aingie bila kuulizwa."

Mikia Chini wakapunga, pwee, pwee. Mikia Juu wakakaa kimya. Neno likaanguka.

Neno lile lile, jamani. Limebadilika kinywa tu.

Bi Pimbi akainua mkono. "Na mimi nihesabuni. Nakubaliana na Ngiri, na nakubaliana na Fisi."

Kanga akamtazama huku na huku. "Mkia wako uko wapi, mama?"

"Sina."

"Basi huna chama. Na asiye na chama tutamhesabu wapi?"

Wakacheka, ha, ha, ha. Na kule dimbwini Kiboko alicheka zaidi, hoo-ho-ho-ho, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpelekea Ngiri matango asubuhi na Fisi matango jioni, ili wasichoke kugombana. Fisi hali matango, lakini la bure hakulikataa.

Bi Pimbi akarudi nyumbani, akakaa kando ya mume wake, akamfukuzia nzi. Mwingine angelia. Yeye alilia kidogo, kisha akafikiri sana. Hapo ndipo ninapompendea mwanamke yule.

Kesho yake akashuka dimbwini, akainama mpaka pua ikagusa tope.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kikapu kiko wapi?"

"Sikuja kutibiwa, Mheshimiwa, nimekuja kukuonya. Nimewaona Ngiri na Fisi kwenye kichuguu. Wamesalimiana."

Kiboko akainua kichwa, matope yakamdondoka. "Wamesalimiana?"

"Na wakaombana radhi."

Hakusema uongo. Walikuwa wamegongana kwenye kona. Ila hilo la kona hakulitaja, na Kiboko hakuuliza.

"Wakipatana hao," Kiboko akasema, "nimekwisha."

"Ndiyo maana uwape kitu cha kugombania, Mheshimiwa. Nenda barazani kesho, simama, sema: Matope haya nimetoa."

"Una wazimu wewe? Nitoe?"

Sasa sikilizeni desturi yao. Mnyama akisema barazani "Nimetoa", na pande zote mbili zikajibu "Tumepokea", imekwisha. Hapapigwi kura, hapahesabiwi mkia. Kilichopokelewa hakirudi kwa mwenyewe, hata akigaagaa. Lakini upande mmoja ukinyamaza, mtoaji anarudi nyumbani na kitu chake.

Bi Pimbi akasema taratibu, "Mheshimiwa, tangu lini wale wawili wakajibu neno moja? Mmoja akisema tumepokea, mwenzake atakufa na kiu kabla ya kusema hivyo. Watagombana mpaka masika. Wewe utarudi na matope yako, na sifa ya ukarimu juu."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kulimchosha. Lakini neno "sifa" likamwingia sikioni likamtekenya.

"Hoo-ho-ho. Wewe kadogo una akili."

"Nina akili ya jiwe tu, Mheshimiwa."

Akatoka pale, akaenda mbio kwa Ngiri.

"Mheshimiwa Ngiri, kesho Kiboko atatoa matope. Nasikia Fisi amejiandaa kujibu kwanza. Akijibu kwanza, kila atakayepona atasema ameponywa na Fisi."

Ngiri akachimba ardhi kwa pembe, kwaru, kwaru. "Ameponywa na nani? Labda mimi niwe nimekufa."

Akatoka pale, akaenda mbio kwa Fisi. Akasema maneno yale yale, akabadilisha jina tu. Fisi naye akachimba ardhi.

Siku ya pili baraza likajaa. Kiboko akaja akitetemesha ardhi, gudu, gudu, gudu. Akakohoa. Akaangalia Mikia Juu, akaangalia Mikia Chini, akatabasamu.

"Ndugu zangu, mimi ni mpenda watu. Matope haya nimetoa."

Hakumaliza kufunga mdomo.

"Tumepokea!" Ngiri akaruka.

"Tumepokea!" Fisi akaruka.

"Tumepokea sisi kwanza!"

"Sisi ndio kwanza, ninyi mmeiga!"

"Mwiga nani? Pua yako ilikuwa bado imefungwa!"

Mikia Juu wote wakasimama, twii, wakipiga kelele kwamba wao ndio waliopokea. Mikia Chini wote wakasimama, pwee, wakiapa kwamba wao ndio waliopokea. Kanga alipoulizwa akasema alisikia yote mawili kwa pamoja, akapigwa na pande zote mbili.

"Ngojeni," Kiboko akasema. "Nilikuwa natania."

Nani amsikie? Huko kila mmoja anapigania haki yake ya kuwa wa kwanza.

Katikati ya vumbi lile akapita Bi Pimbi. Mgongoni amembeba mume wake, na mume alikuwa mzito kuliko yeye. Anahema, hee, hee, hee. Anaimba polepole:

Mguu wa bwana, ngoja kidogo,
wenye mikia wana mambo.
Mguu wa bwana, tumekaribia,
wenye mikia hawajaangalia.

Kiboko akamwona anafika ukingoni. Mazoea yana nguvu, akamkimbilia. "Kikapu kiko wapi?"

"Ulitoa, Mheshimiwa."

"Haya ni matope yangu!"

Hapo kelele ikakatika. Ngiri akageuka. Fisi akageuka. Wote wawili wakasema kwa sauti moja, "Matope ya nani?"

Kiboko akaona pembe, akaona meno. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mto wa kawaida, wenye maji ya kawaida, akatumbukia, chubwi. Yumo humo mpaka leo. Ngiri na Fisi wakatazamana, wakakumbuka ni mahasimu, wakaanza upya pale walipoachia.

Bi Pimbi akamshusha mume wake matopeni. Bwaku, bwaku, bwaku. Akampaka mguu, akampaka paja, akampaka na masikio, kwa mapenzi tu. Kidonda kikafunga. Nyuma yake akaingia punda milia mwenye kwato mbovu, akaingia nyani mzee mwenye maumivu ya kiuno, na hakuna aliyeulizwa mkia wake umeelekea wapi.

Na ugomvi ule haujaisha. Mkimsikia Fisi anacheka gizani, anamwambia Ngiri, sisi kwanza. Wakati wa mavuno Mikia Juu huleta matango mengi dimbwini kuonyesha wao ndio wanaowapenda wagonjwa, na Mikia Chini huleta mengi zaidi. Bi Pimbi huleta moja, kisha hupanda kwenye jiwe lake kuota jua na mume wake. Hajadai sifa hata siku moja. Mimi nampa.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba ugomvi ni kitu kibaya. Umoja ni nguvu. Wangekuwa na umoja wale wawili tangu mwanzo, wangekaa na Kiboko kistaarabu wakila naye matango mpaka leo. Tena asiye na mkia asiingilie mambo ya wenye mikia. Na wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha, ingawa siku ile nyasi nilizisikia zikirudi nyumbani kwa miguu yake yote minne.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami nanawa tope. Mna masikio?
Tunayo!
Mna mikia?
Hatuna!
Msiitafute.