Firigisi ya Mwisho wa Mwezi

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzi tu, unga ulipokuwa umeshaanza kupanda bei, mwanamke mmoja aitwaye Namkunda aliishi katika mji mdogo chini ya milima ya Upare. Alikuwa akishona sare za shule. Mumewe, Mcharo, aliendesha mashine ya kusaga nafaka ya tajiri mmoja. Mama yake Mcharo, Bi Nangasu, aliishi nao, na alisikia kila kitu isipokuwa alipoitwa kuchambua mchele. Watoto, Nanzia na wadogo zake, walikuwepo pia, lakini hawamo katika ugomvi huu.

Kila mwisho wa mwezi Mcharo alileta mshahara, na kila mwisho wa mwezi nyumba ile iliwaka moto.

"Wewe ndiye unayemaliza sukari!"

"Wewe ndiye unayemaliza mshahara!"

"Wewe unafikiri pesa naziokota?"

"Wewe unafikiri mboga nakaanga kwa mate?"

Majirani walijua bei ya kila kitu kilichoingia humo, mpaka sabuni. Namkunda akachoka. Hakuchoka kwa kulia. Alichoka kama mtu aliyefua mashuka, akayaanika, mvua ikanyesha. Mara mbili alifunga nguo zake aondoke, na mara mbili akazifungua, kwa sababu sare za watu zilikuwa hazijaisha.

Siku moja Bi Nangasu akaweka kikombe chini. "Nyumba hii ina *wewe* nyingi mno," akasema. "Kuanzia leo habari za pesa ni Jumamosi, watu wakishakula. Hakuna kusema *wewe*. Hakuna kusema *mimi*. Mtasema *nyumba*. Nyumba imemaliza sukari. Nyumba imekopa. Atakayekosea atasugua masufuria wiki nzima."

"Mama, kwangu hiyo si adhabu," Namkunda akasema. "Hayo ndiyo maisha yangu."

"Basi wewe ukikosea utanyamaza siku mbili. Hapo tutapumzika wote."

Jumamosi ya kwanza, Mcharo akakosea, akasugua masufuria. Jumamosi ya pili, Mcharo akasugua masufuria, na Namkunda akanyamaza mpaka Jumatatu. Jumamosi ya tatu wakaanza kuzoea.

"Nyumba imekunywa soda tatu kijiweni," akasema Mcharo.

"Nyumba imenunua kanga na haijathubutu kuivaa," akasema Namkunda.

"Nyumba imenunua ugoro," akasema Bi Nangasu, akatazama dari.

Jumamosi ya nne Mcharo alikula polepole kuliko kawaida. Kisha akainamia sahani tupu. "Nyumba haipokei laki tatu," akasema. "Inapokea laki tatu na sitini. Hizo sitini zinakwenda kwa kaka Kilave, tangu alipoumia mgongo. Miaka mitatu sasa. Nyumba iliogopa kusema."

Namkunda akapiga hesabu. Miaka mitatu ya kuomba chumvi kwa jirani. Miaka mitatu ya kumwambia mwalimu ada inakuja. Neno *wewe* likampanda kooni, limevaa na viatu. Akalishusha. Likapanda tena. Akanywa maji kikombe kizima, likazama.

"Nyumba imesikia," akasema. "Sasa ipange. Kilave apewe ngapi, na ada ipewe ngapi?"

Wakapanga: nusu kwa Kilave, nusu kwenye ada. Walipomaliza, Namkunda akajikohoza. "Na nyumba inacheza upatu wa elfu tano kila wiki. Nayo haikusema."

Mcharo akacheka.

Mwezi ule ukaisha bila kelele, hata jirani akaja kuuliza kama walikuwa wamesafiri. Bi Nangasu akaamuru jogoo achinjwe Jumapili mchana.

Sasa, mnajua firigisi ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba. Kwa miaka tisa ya ndoa Namkunda alikuwa amezipasua firigisi, akazibandua ile ngozi ya njano, akazipika, akazipakua kwenye sahani ya Mcharo. Hata moja hakuionja.

Siku hiyo Mcharo moyo ulikuwa umemjaa. "Leo firigisi isije kwangu kwa mazoea," akasema. "Apewe aliyeleta amani hii."

Angenyamaza, angekula.

"Nyumba inakumbuka nani aliweka sheria," akasema Bi Nangasu, akisogeza sahani yake mbele. "Bila sheria, nyumba ingekuwa imeshatoana macho."

"Nyumba inakumbuka pia nani alitangulia kusema ukweli," akasema Mcharo. "Sheria ilikuwepo wiki tatu, na watu wanataja soda na ugoro tu."

"Ukweli alioufukia mwenyewe! Na aliyefukua apewe zawadi?"

"Na hiyo sheria, mama, miaka yote tisa ilikuwa imelala chumba gani?"

Namkunda alisimama na upawa, firigisi juu yake, mchuzi ukianza kuganda pembeni. Aliwatazama wale wawili. Miaka tisa, akawaza, na hata leo hakuna aliyegeuza kichwa upande wangu.

"Mimi," akasema.

Vichwa viwili vikageuka.

"Mimi, Baba Nanzia. Mimi ndiye niliyechomwa na ule ukweli, na mimi ndiye niliyeumeza. Ningepiga kelele siku ile, sheria ya mama ingekufa palepale, na wewe usingesema kweli tena mpaka tunakuzika."

"Amesema *mimi*!" Bi Nangasu akapiga goti lake. "Amesema na *wewe*!"

"Kumeza gani, Mama Nanzia?" akasema Mcharo. "Ulinyamaza kwa sababu na wewe ulikuwa na upatu wako!"

Nje ya ukuta, jirani akapunguza sauti ya redio.

Haya, nyinyi mnaocheka hapo nyuma, nisikilizeni. Msiniambie ikatwe vipande vitatu. Firigisi ya jogoo wa kienyeji mnaijua ukubwa wake, na Bi Nangasu meno amebakiwa na manne. Msiniambie wapewe watoto; watoto walishakula mapaja. Mmoja aliweka sheria, baada ya kuusikiliza moto miaka tisa. Mmoja alitangulia kusema kweli, na uongo ulikuwa wake. Mmoja alimeza hasira yake, naye alikuwa na lake mfukoni. Upawa uko juu, mkono umeanza kumchoka, na redio ya jirani haisikiki kabisa.

Je, nani alistahili firigisi?