Ndugu Wawili Chini ya Mpiko Mmoja

Mzigo wa pamoja hauulizi bega ni la nani. Mmeisikia methali hii asubuhi kwa seremala pale uwanjani, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilitoka nyumbani kwa baba yangu, na ilianza hivi.

Wakati huo kijiji chetu cha Hal Zebbin kilikuwa na mtaa mmoja mrefu, kanisa moja na bendi mbili za tarumbeta. Vijiji vingine vya Malta vilitucheka, kwa maana watu wachache kama sisi tungetosheka na bendi moja. Lakini kila bendi ilikuwa na bendera yake na rangi yake, na mtu alizaliwa ndani ya rangi hiyo kama anavyozaliwa ndani ya ukoo.

Baba yangu, Grezzju, na kaka yake, Wenzu, walikuwa wakata mawe machimboni. Jioni walirudi weupe kwa vumbi, wenye kimo kimoja na mwendo mmoja, hata mtu wa mbali asiweze kuwatofautisha. Wote wawili walipiga tarumbeta katika bendi ya zamani, ambayo babu yangu Indri alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Kisha baba mkubwa Wenzu akaoa, akahamia bendi mpya, ya ukoo wa mkewe. Baba aliona kwamba babu amedharauliwa. Ndugu hao walitupiana maneno makali mbele ya mlango wa kanisa, na tangu siku ile hawakusemezana.

Nyumba zetu ziligawana ukuta. Nilimsikia baba mkubwa akikohoa upande wa pili tukiwa mezani. Baba naye alimsikia, akaendelea kula.

Sikukuu ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa kijiji, iliangukia katikati ya kiangazi. Mnaijua ya siku hizi, lakini hamkuijua ile. Wanawake walipaka kuta chokaa, wakatandaza vitambaa vyekundu kwenye roshani. Mama alitoa lesi aliyoisuka mwaka mzima kwa vijiti vyake, akaifua na kuianika juu ya paa. Mwokaji aliwasha tanuri mapema, nasi tukampelekea sinia zetu za nyama na viazi, na harufu ikajaa mtaa mzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya viazi vyenye shamari, naona kama mama yu jikoni.

Alasiri sanamu ya mtakatifu ilitolewa kanisani juu ya mipiko minne, ile miti mirefu ya kubebea. Wanaume wa bendi ya zamani walibeba mbele, wa bendi mpya nyuma. Hivyo baba na kaka yake walibeba sanamu moja kila mwaka bila kutazamana.

Ukaja mwaka ambao vijana wengi walipanda meli kwenda Australia kutafuta maisha. Padre Ang alipowaita wabebaji, waliokuja hawakutosha kwa namna ya zamani. Akawapanga upya kwa kimo, kwa sababu mpiko ukiinama upande mmoja sanamu huanguka. Wenye kimo cha baba walikuwa wawili tu, yeye na Wenzu.

"Padre, niweke popote pengine," baba alisema.

"Hakuna pengine, Grezzju."

"Basi mwaka huu sitabeba."

Wenzu naye alikuwa ameshageuka kuondoka. Padre hakuwagombeza. Alisema tu, "Basi mwambieni baba yenu kwamba mtakatifu hatapita mlangoni kwake."

Babu Indri alikuwa amepofuka. Kila sikukuu alivaa suti yake nyeusi, akakaa kizingitini, na sanamu ilipopita aliijua kwa mlio wa mipiko. Alikuwa ameanza kudhoofika, na kila mtu alijua kwamba huenda hiyo ikawa sikukuu yake ya mwisho. Wanawe walisimama pale sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumpelekea habari ile.

Siku ya sikukuu wakaingia chini ya mpiko mmoja, bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele.

Walipofika kwenye mteremko wa kisima, mawe ya barabara yalikuwa yamefunikwa na vipande vya karatasi vilivyorushwa kutoka roshani. Baba aliteleza, goti likagonga jiwe. Sanamu ikayumba. Nilikuwa karibu na mama, nikamwona mtakatifu akiinama kuelekea ukutani, na bendi zote mbili zikanyamaza.

Wenzu alijisukuma chini ya mpiko mpaka ukamkaa shingoni, akabeba uzito wa watu wawili.

"Niegemee, Grezzju," alisema.

"Utavunjika."

"Sivunjiki. Niegemee, uinuke taratibu."

Baba akamshika kiunoni, akainuka. Walibaki wameshikana hivyo mpaka mlangoni kwa babu, wote wawili wakihema.

Pale wakatua mzigo. Ubishi ukaanza papo hapo. Wa bendi mpya walisema mtu wao ndiye aliyemwokoa mtakatifu. Wa bendi ya zamani walisema mtu wao aliinuka na goti linalovuja damu. Sauti zikapanda, na mmoja akamgeukia babu aamue. "Mzee Indri, bega lililookoa ni la bendi gani?"

Babu aliinuka, akapapasa mpiko kwa mikono yake miwili, akafika kwenye mabega ya wanawe, waliokuwa bado wamesimama kando yake, na kuyashika yote mawili.

"Siwezi kuyatofautisha," alisema. "Mzigo wa pamoja hauulizi bega ni la nani."

Ubishi ukaisha. Bendi zikaanza kupiga tena, kila moja wimbo wake, ovyo kabisa.

Msifikiri ndugu hao walikumbatiana. Kesho yake baba mkubwa alishindwa kugeuza shingo, na baba akaenda kumkanda kwa chumvi ya moto. Nilisikia sauti zao kupitia ukutani. Walizungumza juu ya mawe, jua, na bei ya nyumbu. Mama aliacha kuosha vyombo ili asikilize.

Babu hakufikia sikukuu iliyofuata. Wanawe walibeba jeneza lake, na hakuna aliyelazimika kuwapanga. Kijijini, mtu anapotaka kujua kazi iliyofanywa na wengi isifiwe kwa jina la nani, hujibiwa kwa maneno ya babu yangu: mzigo wa pamoja hauulizi bega ni la nani.