Wapwa wa Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, mwenye ghorofa pekee mtaani, alichoshwa na wageni waliopanga chumba kwa jirani yake, Bi Siwatu, leo hawa, kesho wale. Akampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Nyumbani kwake walale ndugu tu!" akadai. "Nasema kwa uchungu, maana huyu ni dada yangu."

"Dada hasa, au wa mdomoni?" Bi Siwatu akauliza kwa upole.

"Dada hasa! Mwenyekiti, andika."

Mwenyekiti akaandika, akagonga muhuri, akampa kila mmoja nakala.

Ijumaa Mbaruku alikuta Wareno wawili sebuleni kwake wakila pilau. "Shikamoo, mjomba!" wakasema kwa pamoja. Mkewe ndiye aliyewafungulia, kwa kuwa walikuja na nakala ya Bi Siwatu, yenye muhuri wa mwenyekiti, kwamba yeye ni dada wa Mbaruku. Jumamosi Mkorea alikuwa bafuni akiimba. Jumapili Mbaruku alitafuta kanzu yake ya Idi, akaiona imevaliwa na Mnorwe, ikimfikia magotini.

"Mama amesema cha mjomba ni changu," Mnorwe akaeleza.

Mbaruku akakimbilia kwa mwenyekiti. Bi Siwatu alishafika.

"Kaka, unawakana wanangu?"

"Wanao wapi! Hawa si ndugu, ni wapangaji wako! Walale kwako, na wengine waje, walale huko huko kwako!"

"Mwenyekiti, umemsikia," akasema Bi Siwatu. "Kwangu wageni walikatazwa, mimi nilitii tu."

Jioni hiyo Mbaruku mwenyewe alijitwika masanduku ya wageni, akayahamishia kwa Bi Siwatu moja baada ya jingine.