Gego la Pimbi na Daktari wa Ng'ambo

— Nina kisa.
— Kitoe.
— Kina meno.
— Tutakishika mkia.
— Basi sogeeni karibu, asibaki mtu peke yake kule nyuma. Kisa hiki hata mimi ninayekisimulia kinanitisha.

Ilikuwa siku ya Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Pimbi alikuwa juu ya mwamba wake anatafuna majani, kachu, kachu, kachu, kama alivyotafuna jana na juzi. Mara gego la chini, upande wa kulia, la tatu kuhesabu kutoka nyuma, likamchoma. Pimbi akaacha kutafuna. Gego halikuacha kuchoma. Likapiga dwi. Likapiga dwi, dwi. Mpaka jua linatua lilikuwa linapiga dwi, dwi, dwi, na shavu limemvimba kama ameficha limao ndani.

Pimbi ni mnyama mdogo, na anaishi kwa kutafuna. Asipotafuna siku nne, siku ya tano wanamchimbia kaburi. Alilijua hilo, ndiyo maana akaogopa.

"Nenda kwa Nungunungu akakung'oe," akasema shangazi yake, Bi Mize, aliyekuwa akiishi naye.

"Nungunungu anataka madebe sita ya mtama kwa jino moja, shangazi. Sisi tuna debe moja."

"Basi weka kitambaa cha maji ya moto."

Kitambaa kikapoa. Gego halikupoa.

Alhamisi alfajiri Kunguru akapita juu ya mwamba akitangaza, "Meno, meno, ng'ambo ya mto. Debe moja kinywa kizima. Na mapumziko siku saba, kitanda laini, chakula laini, daktari mpole. Kwaa."

"Kwa nini rahisi hivyo?" Pimbi akauliza.

"Ng'ambo kila kitu rahisi. Wewe hujasafiri tu, dada."

"Nitajie mmoja aliyekwenda akarudi."

"Mimi kazi yangu kutangaza," akasema Kunguru, akaruka zake.

Bi Mize hakulipenda jambo lile, lakini shavu la mpwa wake alikuwa analiona. Akamfungia mtama, akamwambia, "Mwanangu, sisi pimbi hatunywi kitu cha mwenyeji mpaka aonje yeye kwanza, nasi tunamtazama. Ukifika huko usione haya. Onjesha. Na urudi."

"Nitarudi, shangazi."

Pimbi akashika njia. Moyo unapiga du, du, du, gego linapiga dwi, dwi, dwi.

Mtoni kulikuwa na chelezo cha matete, kinachovutwa kwa kamba kutoka ukingo huu hadi ule. Mto wenyewe ulikuwa na mamba, na hakuna aliyevuka kwa kuogelea. Ukingo wa ng'ambo alikaa Kobe, karani wa mpakani, na mhuri wake na daftari lake. Akaifungua hati ya safari ya Pimbi, taratibu, kama anayemenya yai.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kutibiwa jino."

"Utakaa siku ngapi?"

"Saba."

Kobe akainua macho. Akamtazama. Akayashusha. "Wote wanasema saba," akasema, akagonga mhuri, pa.

Pimbi akataka kuuliza wote ni akina nani, lakini Kobe alikwisha ingiza kichwa ndani ya gamba lake.

Saa nane kasorobo mchana akafika kwa Daktari Fisi. Nyumba nyeupe, ua umefagiwa, hakuna hata unyoya mmoja uani. Fisi akatoka na koti jeupe, kucha amekata, ananukia karafuu. Chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine. Pimbi hakutaka kuijua.

"Karibu, mgeni wangu," akasema Fisi kwa sauti ya chini. "Hapa kazi yako ni moja tu, kupumzika. Nipe hati yako nikutunzie, isije ikapotea ukiwa usingizini." Akaupokea mtama, akaichukua na hati, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

Mlangoni pa chumba cha wagonjwa palipangwa ndara. Pimbi akazihesabu. Jozi kumi na moja, ndogo ndogo zote. Akachungulia ndani. Vitanda kumi na mbili, shuka zimetandikwa zikanyooka, hakuna mtu.

"Daktari, wenye ndara hizi wako wapi?"

"Wamekwenda kwao."

"Pekupeku?"

"Walipona, wakafurahi, wakasahau. Furaha ya mgonjwa, mgeni wangu, huijui wewe. Twende tukakupime uzito."

Mizani ilikuwa ya kuning'inia, yenye ndoano, kama ile ya buchani. Fisi akamfunga Pimbi kwa kitambaa, akamtundika, akaandika uzito ukutani kwa mkaa. Pimbi, akiwa ananing'inia, akausoma ukuta. Digidigi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya saba, na kila siku uzito unapanda. Kindi, hadi ya saba, unapanda. Kanga, hadi ya saba, unapanda. Siku ya nane haikuandikwa popote.

Moyo ukapiga du, du, du, du.

"Unatetemeka," akasema Fisi. "Pumzika. Ukitetemeka unapungua."

Akamletea uji wa maziwa, mzito, una siagi juu. Pimbi akakumbuka maneno ya Bi Mize.

"Kwetu mwenyeji huonja kwanza," akasema, akiona haya.

"Hata kwetu ndivyo," akajibu Fisi, kwa kuwa hakutaka aonekane hana adabu. Akachukua kijiko kimoja. Akachukua cha pili. Akaweka kijiko chini, akainua bakuli, gu, gu, gu, mpaka likang'aa.

"Uji ni mzuri," akasema, akijifuta. "Nitakuletea mwingine baada ya kukung'oa."

Pimbi akalitazama bakuli tupu. Akamtazama Fisi. Huyu, akajisemea, hajui kuonja.

Chumba cha kung'olea kilikuwa na kiti kikubwa cha mbao chenye mikanda minne, miwili ya mikono na miwili ya miguu. Pembeni kulikuwa na makoleo matano, kutoka dogo hadi kubwa.

"Linaloniuma ni moja tu," akasema Pimbi. "Chini, kulia, la tatu kutoka nyuma."

"Debe moja ni kinywa kizima. Nang'oa yote."

"Yote? Mengine hayaumi."

"Yatauma mwakani. Mimi nafikiria mbele."

"Nitatafuna na nini, daktari?"

"Siku saba hutatafuna chochote, nitakunywesha uji mimi mwenyewe." Fisi akachagua koleo la tatu, akalipuliza. "Baada ya hapo hutahitaji."

Pimbi akataka kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma ya Fisi. Na hata angeupita, hati ilikuwa ndani ya koti, na Kobe hamvushi mtu asiye na hati hata kama anamjua mama yake. Akabaki amesimama, miguu baridi.

Fisi akachukua kibuyu. "Hii ni dawa ya ganzi. Kijiko kimoja kinatia ganzi mdomo. Viwili vinalaza."

"Na vitatu?"

"Hakuna aliyewahi kufika vitatu. Fungua mdomo."

"Onja kwanza," akasema Pimbi, sauti imebaki nyembamba kama uzi.

"Dawa haionjwi, mgeni wangu."

"Uji umeuonja."

"Uji ni chakula."

"Basi niambie imetiwa nini."

"Mizizi. Na asali, isiwe chungu."

"Asali ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo?"

Fisi akameza mate. "Ya nyuki wadogo."

"Sijawahi kuionja mimi. Wanasema ni tamu mpaka mtu anashindwa kusema." Pimbi akapanda kwenye kiti mwenyewe, akaweka mikono kwenye mikanda. "Onja tone moja tu, daktari. Ukionja nitafumba macho na nitafungua mdomo, wala sitauliza swali lingine."

Fisi akakitazama kibuyu. Tone moja lilikuwa limeganda kwenye mdomo wa kibuyu. Akalilamba.

"Umelamba kwa upande wa kushoto," akasema Pimbi. "Gego langu liko kulia."

Fisi akalamba na kulia.

"Huku mbele tumejua ni salama. Kooni je, haiunguzi?"

Fisi alikuwa amekwisha inua kibuyu. Gu. Gu, gu. Gu, gu, gu.

Akakishusha. Mate yakaanza kumtoka upande mmoja wa mdomo, naye hakuyafuta. Akataka kusema kitu, ulimi ukalala. Magoti yakalegea. Pimbi akaruka chini, Fisi akaangukia kwenye kiti, pu. Macho yalibaki wazi kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Pimbi kuliko yote.

Akafunga mkanda wa kwanza. Akafunga wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kisha akapanda juu ya kifua cha Fisi, akafungua kifungo cha mfuko wa ndani.

Akatoa hati. Digidigi. Si yake. Akatoa nyingine. Kindi. Si yake. Akatoa nyingine. Kanga. Si yake. Kifua cha Fisi kikapanda, kikashuka, na Pimbi akapanda na kushuka nacho. Akatoa nyingine, na nyingine, na nyingine. Sungura. Panya Buku. Kicheche. Si yake, si yake, si yake. Sikio la Fisi likacheza. Pimbi akakaa kimya mpaka likatulia, akatia mkono tena. Ya kumi na mbili ilikuwa nyuma kabisa. Akaikumbatia, akazikumbatia na zile nyingine, akashuka, akakimbia.

Tiki, tiki, tiki, njia nzima. Karibu na mto akasikia nyuma yake, mbali: buru. Kisha kimya. Kisha buru, buru. Kitu kizito kinakokotwa.

"Kobe," akasema akihema, "nigongee nivuke."

"Umesema siku saba. Hii ni siku ya kwanza."

"Nimepona."

Kobe akamtazama shavu. Akafungua hati ya Pimbi, taratibu. Akatafuta ukurasa, taratibu. Pa.

Buru, buru, buru.

"Na hizi?" Kobe alikuwa ameziona zile kumi na moja. "Hawa nao wanavuka?"

"Hawavuki."

Mkono wa Kobe ukabaki na mhuri hewani. "Mimi nilidhani wanarudi kwa njia nyingine," akasema.

"Njia nyingine ipo?"

Kobe akafikiri. "Haipo."

Akaweka mhuri chini. Akamfungulia Pimbi chelezo mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alifanya jambo upesi.

Pimbi akavuta kamba. Alikuwa katikati ya mto Fisi alipotokea, koti limechanika, kiti kimemganda mgongoni kwa mikanda miwili, mdomo umening'inia. Buru, buru, buru. Akaenda moja kwa moja hadi ukingoni.

"Hati," akasema Kobe.

Fisi akatoa sauti. Haikuwa neno.

"Hati yako wewe, daktari. Siyo ya mgonjwa."

Fisi hakuwa nayo. Hakuwahi kusafiri popote, kwa nini asafiri, wakati chakula kilikuwa kikivuka chenyewe na kumlipa debe moja. Akayatazama maji. Ndani ya maji macho mawili yakamtazama yeye. Akarudi nyuma hatua moja, buru. Kobe akachukua daftari, akachora mstari chini ya jina la mwisho, na tangu siku hiyo hakumgongea mhuri mtu yeyote aliyekuja kwa ajili ya meno.

Pimbi akafika kwao kabla ya magharibi. Bi Mize akamshika mikono yote miwili, akamhesabu vidole.

Lakini gego lilikuwa mahali pake. Dwi, dwi, dwi.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, saa moja na dakika tano, Pimbi akafunga uzi wa katani kwenye gego la chini, kulia, la tatu kutoka nyuma. Ncha ya pili akaifunga kwenye jiwe, jiwe akaliweka ukingoni mwa mwamba. Bi Mize akataka kulisukuma.

"Niachie mwenyewe, shangazi."

Akahesabu moja, mbili, tatu. Hakusukuma. Akahesabu moja, mbili, tatu. Hakusukuma. Mara ya tatu alisukuma kwenye mbili, ili gego lisijue.

Ng'o, likang'oka.

Akasukutua kwa maji ya chumvi mara nne. Akauma kitambaa safi. Kisha akazichukua zile hati kumi na moja, akazipanga kwa kufuata nyumba zilivyopangana njiani, akashuka mwambani kwenda kubisha hodi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kina Digidigi. Mlango ulikuwa wazi, na mama mtu alikuwa ndani anaimba. Pimbi akasimama uani muda mrefu. Ng'ambo aliogopa, lakini siyo hivi. Akabisha.

Funzo la kisa hiki, wapendwa wangu, ni kwamba mgonjwa mwema haulizi maswali. Akiambiwa lala, analala. Akiambiwa kunywa, anakunywa. Maswali huwachosha madaktari.

Kisa nimekishusha kichwani, sasa kiko miguuni penu. Anayekitaka akiokote. Asiyekitaka akiruke.